Dakika Tano Ndani ya Tumbo la Meli

Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika saa moja, na hewa ikabaki nzito kama blanketi lililolowa.

Saa nne msanii aliingia mwenyewe ndani ya kazi yake. Aliiita "Tumbo la Meli": sanduku la mbao lenye urefu wa mtu, na pingu za miguuni, ili mtazamaji ajue walivyolazwa waliouzwa utumwani. Wageni na waandishi wa habari walijaa ukumbini.

"Dakika tano tu," aliwaambia, akacheka. Fundi seremala akafunga kifuniko kwa ufunguo.

Tano zikapita. Kumi.

"Fundi, fungua."

"Kitasa kimegoma, madamu. Mbao zimekunywa mvua."

Msanii alisukuma kwa magoti. Kifuniko kilikuwa shibiri moja tu juu ya pua yake. Vanishi mbichi ilimkaba koo. Nje mgeni mmoja alitania, "Fundi, umetengeneza mlango au kaburi?" Watu wakaangua kicheko. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Fundi! Nakosa hewa!"

"Nilitoboa matundu kumi na mawili, madamu. Hewa ipo. Sali kidogo, inasaidia. Sisi tunasali kila siku."

Alisali. Hakuwa amesali tangu utotoni, na maneno yakamponyoka katikati. Alimwamini mzee huyu. Alimtoa mbali, ng'ambo ya mpaka, yeye na wenzake saba, na kwa miezi sita walikuwa wakifanya kazi na kulala papo hapo, katika bohari nyuma ya ukumbi.

"Leta nyundo! Vunja!"

"Nivunje kazi ya miezi sita?" Sauti ilikuwa karibu na sikio lake, ya upole, kama ya mtu anayembembeleza mtoto. "Kwanza nikuulize. Unaogopa?"

"Naogopa, baba. Nakuomba."

Hakuwahi kumwita baba. Nje kicheko kilikatika.

"Kitasa ni kizima," fundi akasema, ukumbi mzima ukasikia. "Ni mimi tu sijageuza ufunguo kukufungulia. Sasa sema, madamu, na wageni wasikie."

Msanii hakuuliza aseme nini.

"Leo hii," akasema kutoka ndani ya mbao, "mbele yenu nyote, naahidi: nawarudishia mafundi wote wanane hati zao za kusafiria, na bohari wanamolala sitaifunga tena kwa nje."