Karanga za Zahanati

Hakuna aliyemtarajia mwanamke yule. Aliingia ukumbini kikao cha kupanga vipaumbele vya nchi kikikaribia kufungwa, miguu imejaa vumbi, akaweka kikapu cha karanga za maganda mbele ya mwenyekiti.

"Naitwa Nyamizi, natoka kikundi cha akina mama wa bondeni. Kila karanga ni mtu mmoja aliyechagua zahanati. Niliwaahidi zitahesabiwa humu ndani, hadi ya mwisho."

"Karibu, mama. Kikundi chenu tumeshakishukuru," mwenyekiti alisema, akamwonyesha kitabu cha mpango kilichokwisha kuchapwa. Jina lao lilikuwa ukurasa wa mwisho. Kipaumbele cha kwanza kilikuwa uwanja wa ndege.

Huku akiongea, mwenyekiti alichukua karanga, akaimenya kwa meno, akatafuna. Akachukua nyingine. Wajumbe nao wakanyoosha mikono, midomo ikilowa mate, makombo yakidondokea vitambi vyao.

"Tamu," mmoja alisema. "Siku nyingine utuletee za kukaanga."

Nje, lori la bondeni, linalokuja mara moja kwa wiki, lilipiga honi. Nyamizi aligeuza shingo, kisha akashusha kikapu sakafuni, akapiga magoti na kuanza kuhesabu karanga kwa sauti. Wajumbe waliondoka wakicheka. Lori nalo likaondoka.

Kikapu kiliisha kwenye mia mbili na tisa. Akainuka, akaenda mezani, akaokota ganda lililolowa mate mbele ya kiti cha mwenyekiti.

"Mia mbili na kumi," alisema, akanyoosha mkono kuchukua jingine.