Mama Ndani ya Mashua

Obonyo, mwenye mashua pale Luanda Kotieno, kando ya Ziwa Victoria, alikuwa akimwonyesha mkewe picha ya mashua ya starehe katika jarida la kung'aa ambalo mtalii alilisahau ufuoni, huku akicheka.

"Hawa watu hawajui mashua," alisema. "Nyeupe hivi, haina wavu, haina hata harufu ya samaki. Sasa hii ni ya kazi gani?"

Mkewe hakucheka. Kidole chake, chenye makovu ya mafuta ya kukaangia samaki, kilikuwa kimetulia juu ya picha ya mama mwenye mvi, amejinyoosha kwenye sehemu ya mbele ya mashua hiyo huku mumewe akiendesha.

"Ya kubeba bibi yake," alisema polepole. "Mimi yako naionanga tu ikirudi."

Obonyo alifunga jarida. Wavuvi wake waliamini kwamba mwanamke akipanda mashua, samaki hukimbia. Wangeweza kuacha kazi wote.

Akainuka, akachukua mto wa kiti cha sebuleni, akamwambia mkewe amfuate. Ufuoni, wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu waliacha mazungumzo.

"Mzee, unapeleka mama wapi?" mmoja aliuliza.

"Tunazunguka tu," Obonyo alijibu, akauweka mto sehemu ya mbele ya mashua yake, akamnyooshea mkewe mkono.

Mkewe aliushika, akainua gauni kidogo, akaingiza mguu mmoja ndani ya mashua.