Mkaa Kwenye Maziwa

Daktari Ouko alipomaliza kunywa, aliona chembe nyeusi zimeng'ang'ania ndani ya kikombe.

"Mama, hii nyeusi ni nini?"

"Ni mkaa, daktari. Tunasugua nao kibuyu ndio maziwa yanukie vizuri." Mama huyo alikuwa ametoka kijijini Chebunyo na kibuyu chake cha mursik, maziwa ya mgando, kuja kumshukuru, wiki mbili baada ya kumzika bintiye aliyetibiwa na Ouko.

Ouko, mtu wa upande wa ziwa ambako mursik hainywewi, alikuwa akiikataa mursik ya wagonjwa wake tangu 1988, miaka tisa mizima. Leo aliona haya kumkatalia mfiwa.

Miaka hiyo yote alikuwa akichunguza matumbo yaliyolegea, yasiyosukuma chakula. Kipimo alikibuni mwenyewe: mgonjwa alimeza unga wa mkaa, na chembe nyeusi zikionekana chooni kesho yake, basi tumbo linasukuma, arudi nyumbani. Nyuma yake rafu ilikuwa imejaa faili za watu aliowarudisha nyumbani.

"Na binti yako alikuwa anakunywa hii?"

"Kila siku. Hata hapa wodini nilimletea. Chakula kilimkataa, lakini mursik ilipita kidogo kidogo."

Ouko aligeukia rafu ya faili: nyeusi iliyoonekana chooni ingeweza kuwa ya mursik ya siku zilizotangulia, si ya unga wake. Chembe moja ya mkaa ilimkwaruza kwenye meno.

"Siku uliyomwambia tumbo lake liko sawa, alifurahi sana," mama alisema, akainua kibuyu na kumjazia kikombe tena. "Kunywa, daktari."