Msafara wa Harusi Darajani

Katikati ya daraja la kamba, Tunu alihisi mbao zikimwinua na kumshusha. Msafara mzima wa harusi yake ulikuwa ukicheza kwa hatua moja, na kila hatua ilizidisha kuyumba.

“Simamisheni ngoma!” alipaza sauti.

Shangazi yake alishtuka. “Mwanangu, tukupeleke kwa mume kimya kama maiti?”

“Shangazi, tukikanyaga pamoja daraja linazidi kubembea. Kila mtu atembee kivyake.”

Ngoma zikanyamaza. Wakaenda shaghalabaghala, wameshikana mikono, mpaka kamba zikaanza kutulia.

Ng’ambo, ndugu za bwana harusi walidhani bibi harusi amesita. Wakapiga ngoma zao kwa nguvu, wakaingia darajani wakicheza, kuja kumlaki.

Tunu akavua shela, akaipunga kuwazuia.

Wao wakamjibu kwa vigelegele.