Pazia la Daraja

Shamte mpiga picha hakuwahi kutoka mjini kwao, ila pazia la studio yake alilichora mwenyewe kwa kuangalizia kalenda kuukuu: mto wa ughaibuni, daraja la chuma, theluji mabegani mwa sanamu.

Asubuhi moja akaingia Bi Salha, aliyerejea juzi kutoka mji uleule wa kwenye kalenda baada ya miaka tisa. Shamte akajifanya anafuta lenzi, mwishowe uzalendo ukamshinda.

"Dada, niambie kweli. Limefanana?"

Salha akalitazama pazia kwa muda mrefu.

"Sijui, kaka'angu. Nilikuwa nauguza bibi wa watu. Dirisha letu lilitazama ukuta. Hilo daraja nililisikia likitajwa tu. Na mama kila siku ananiuliza, kulikuwaje huko?"

Shamte akaondoa kiti. Akapangusa vumbi la daraja kwa kiganja chake.

"Basi usikae. Simama hapa, shika ukingo wa daraja."

Salha akanyoosha mkono. Vidole vilipogusa kitambaa akavirudisha kidogo, kama aliyekuta chuma kina baridi, kisha akashika.