Gia ya Kuzungusha

"Zungusha tena," shemeji alisema. "Safari hii weka N. Halafu teremka, uliache kama yeye alivyoliacha."

Mwalimu alifuta kwanza kiganja kwenye sketi. Alikuwa amefundisha watu udereva kwa miaka kumi na mmoja, na katika ukoo mzima neno lake kuhusu magari halikuwa na rufaa. Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa hapa, nyuma ya kiwanda cha magunia kilichofungwa, ndani ya gari la kukodi, yeye na mume wa dada yake.

Gari lilikuwa aina ileile, rangi tu tofauti. Dogo, limeinuka kidogo kutoka chini, usukani mwepesi. Tangu walipolichukua lilikuwa likiteleza kama sabuni. Mashimo liliyameza bila kunung'unika, kona likazikata bila kulalia upande. Kasoro zake mbili: kioo cha nyuma, chembamba kama tundu la barua, na gia. Mti wa gia haukuwepo. Katikati ya viti palikuwa na kidude cha duara, kama kile cha kuongezea sauti ya redio, cha kuzungusha: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya kuachia magurudumu huru, D ya kwenda mbele. Vidole havipati habari yoyote. Lazima utazame.

"Mtu aliyezoea mti wa gia anaweza kujichanganya," mwalimu alikuwa amesema njiani, na shemeji akamtazama mdomoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Ilikuwa imepita miezi mitatu. Mchana mmoja gari la dada liliserereka peke yake uani, taratibu, injini imezimwa, likamkuta mtoto wao wa miaka minne akichora kwa chaki kwenye saruji. Dada aliapa kwamba aliliacha kwenye P. Gari lilikutwa kwenye N. Mumewe hakufoka wala hakumgusa. Alihamia tu chumba cha wageni, akawa anasema na mkewe kama mtu anavyosema na karani wa benki. Juzi ndipo alipotoa kauli: kama gari ndilo linalomdanganya mtu, nitarudi chumbani tulie pamoja. Kama ni uzembe, naondoka. Mwalimu ndiye ataamua.

Walikuwa wamejaribu D; mlango ulipofunguliwa, gari lilirudi lenyewe kwenye P. Wakajaribu R, vilevile. Sasa mwalimu alizungusha mpaka N, akazima injini, akafungua mlango.

Kengele ikalia. Kali, ya kupasua masikio, na kwenye kioo cha mbele ya usukani zikawaka herufi nyekundu kubwa: GARI HALIKO KWENYE P. Aliteremka. Kengele haikukoma. Gari likaanza kuserereka, na shemeji akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili.

Shemeji alikuwa akihema kama aliyetoka mbioni.

"Inalia hivi kila mara?"

"Kila mara."

"Mtu anaweza asiisikie? Amechoka, labda. Ana mawazo." Sauti yake ilikuwa inaomba. "Niambie tu anaweza, shemeji. Nitakuamini."

Mwalimu alikitazama kile kidude cha duara. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, na halikuwa neno zito.

"Hawezi," alisema. "Kuisikia ataisikia. Labda aamue kuipuuza."

Shemeji alitikisa kichwa mara kadhaa, polepole, kisha akafunga mkanda wake.

Ofisini, kijana wa kukodisha alilizunguka gari akitafuta mikwaruzo. "Limekupendeza, mama?"

"Zuri," mwalimu alisema, akiweka sahihi. "Gia yake tu inataka mazoea."

Walipofika nyumbani, shemeji alipitiliza hadi chumba cha wageni. Sanduku likasikika likiburutwa kutoka uvunguni. Dada alikuwa chumba cha mtoto, ameketi kwenye kitanda kidogo, magoti karibu yamguse kidevu, anakunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

"Niambie wewe," alisema. "Wengine wote wananihurumia au wananichukia. Wewe ukisema, nitakubali."

Mwalimu alikaa kando yake. "Ni wewe, dada."

Dada hakulia. Alishika kijigauni cha njano, akakilaza pajani. "Lakini naiona P. Kila nikifumba macho naiona."

"Kichwa hutia chumvi. Kinakuonyesha unachotaka kuona. Gari lile haliachwi kwenye N kimyakimya, dada, lina kengele. Ililia ukaipuuza. Ulikuwa na haraka zako."

"Kengele." Dada alifumba macho. Alikaa hivyo kitambo kirefu, midomo ikicheza kama anayehesabu. Kisha mwili wake wote ukalegea. "Ngoja. Ndiyo. Ndiyo, naisikia. Ililia, na mimi nikaufunga mlango. Ee Mungu wangu, nimemuua mwanangu."

Alimwangukia mdogo wake kifuani. "Ahsante," alisema kwa kwikwi. "Ahsante kwa kunitoa kwenye giza hili. Wewe peke yako hukunificha."

"Mimi ni damu yako," mwalimu alisema, akimpapasa mgongo, huku mlango wa mbele ukifunguliwa, kisha ukifungwa.

Kengele ile, mchana ule, dada hakuisikia kabisa. Ilipolia yeye alikuwa bafuni, maji yakimwagika, na mdogo wake, aliyepita kuazima ngazi bila hata kubisha hodi, alikuwa amechukua ufunguo msumarini, akalisogeza gari kidogo kupisha mlango wa stoo, akaliacha kwenye N, kengele ikilia, akaondoka na ngazi begani.