Namba Chini ya Rangi

"Namba ya fremu haionekani, bibi," alisema mkaguzi wa magari. "Bila namba, hili trela lako la kulala ni chuma chakavu."

"Chuma chakavu mwenyewe," bibi akamjibu, na mkaguzi akacheka.

Hii ilikuwa safari ya tatu ya bibi kuja kukaguliwa. Ada alikwishalipa, na faini juu yake. Alitaka kibali tu, trela livutwe hadi uani kwa binti yake, alale humo karibu na wajukuu.

"Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa wa rangi. Kila likizo alilipaka upya, toka paa mpaka uvunguni."

Mkaguzi angeweza kufunga faili akaenda kula. Badala yake alipiga magoti vumbini, akaanza kukwangua rangi ya fremu kwa ufunguo wa nyumba yake. Kijani ikabanduka, ikafuata njano, kisha buluu ya mwaka walipozaliwa mapacha wao. Bibi aliinama, mkono kiunoni, akiokota magamba.

Chini ya nyeupe ya kwanza zikajitokeza tarakimu.

"Macho yangu hayafiki, bibi. Nisomee."

Akazisoma mojamoja, taratibu, na mkaguzi akaziandika kiganjani, maana fomu alikuwa ameiacha mezani.